Usiache Zamu Bila Kutoa Ripoti

(Haya ni maneno ya mama muuguzi mstaafu, aliyoyatoa mbele ya vijana wa chama baada ya swala ya Alasiri, kabla ya futari ya pamoja. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukapunguza marudio tu.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Nashukuru kwa kualikwa. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mama, tuzungumzie kazi ya hospitali, na vile mtu anavyobadilisha kazi maishani, maana vijana wetu wengi wako njia panda." Nikamwambia mwanangu, mimi si mhadhiri. Mimi nimezoea kusema na mgonjwa mmoja, tena kwa sauti ya chini ili wa kitanda cha pili asisikie. Akanijibu, "Bas, tuchukulie sisi sote ni wagonjwa." Kwa hivyo mkiona nawauliza kama mmelala vizuri, mnisamehe. Ni mazoea.

Najua ni saa za funga na midomo imekauka. Nitasema jambo moja tu, ila nitalizunguka kidogo.

RIPOTI YA WODINI

Nianze na kitu ambacho watu wa nje hawakioni. Duka hufungwa. Benki hufungwa. Hata soko la Kongowea kuna saa hutulia. Wodi haifungwi. Mgonjwa hasemi leo ni Idi, au leo ni Krismasi, ngoja niugue kesho. Kwa hivyo sisi wauguzi hufanya kazi kwa zamu: kuna wa asubuhi, kuna wa jioni, kuna wa usiku. Na kila zamu inapobadilika kuna jambo hufanywa ambalo kwetu ni kama nguzo. Twaita kutoa ripoti.

Muuguzi anayeondoka hasemi "kwaheri" akatoka. Humchukua anayeingia, wakapita pamoja kitanda kwa kitanda. "Huyu mama kajifungua jana kwa operesheni, presha yake bado iko juu kidogo, mpime tena saa nne. Huyu mtoto ana kifua, dripu yake yaisha sasa hivi. Huyu mzee hakulala, amwulizia kijana wake." Na lililo zito zaidi, waambia pia usilolifanya. "Sindano ya saa mbili huyu sijampa, dawa haikuwako famasi, fuatilia." Hapo waona haya, kwa sababu watoa aibu yako mbele ya mwenzako. Lakini ukiificha aibu yako, atakayeilipa ni mgonjwa.

Na kama anayekupokea hajafika, huendi. Waweza kuwa umechoka, mtoto ana homa nyumbani, matatu ya mwisho yaondoka. Huendi. Mimi nimewahi kuingia zamu ya jioni nikatoka asubuhi ya pili, kwa sababu mwenzangu alikwamishwa na mvua.

Sasa hilo ndilo jambo langu la leo, shikeni: mtu hakatazwi kuondoka. Zamu zina mwisho, na Mwenyezi Mungu hakumwumba mtu asichoke. Anachokatazwa ni kuondoka bila kutoa ripoti. Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulifanya, na leo nitawaeleza.

VILE NILIVYOINGIA

Mimi niliingia uuguzi miaka ya themanini. Msichana wa Kiislamu wa pwani kusomea uuguzi wakati huo lilikuwa jambo la kujadiliwa ukoo mzima. Nilipopata barua ya chuo, marehemu baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Siku tatu haongei. Siku ya nne akasema, "Binti yangu alale nje usiku, na wanaume wako humo? Haiwezekani."

Mimi nililia tu. Aliyezungumza ni mama. Alikuwa achagua mchele, wala hakuinua kichwa. Akasema, "Baba fulani, siku nilipomzaa huyu nilitafuta mwanamke wa kunisitiri sikumpata. Nilizaliwa na watu nisiowajua, na wewe ulikaa nje ukisikitika. Leo amepatikana wa kuwasitiri wenzake, wewe wamzuia?"

Baba akanyamaza. Jioni akaitoa ile barua chini ya mto. Akaweka sharti moja: zamu za usiku atanisindikiza yeye. Na wallahi alinisindikiza. Nilipoanza kazi karibu na nyumbani alikuwa anakuja nami mpaka langoni na tochi mkononi, asubuhi namkuta pale pale amekaa na walinzi. Walinzi wakamzoea, wakawa wamwekea kiti.

Vijana, yule hakuwa mtu wa shule. Lakini alifahamu kwamba kama lina hatari, dawa yake ni kulisindikiza, si kulifunga.

Na hili si jambo jipya katika dini yetu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alipopigwa mshale, alitibiwa katika hema lililowekwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Na katika waliotajwa kuwatibu majeruhi ni mwanamke, Rufaida wa kabila la Aslam. Hema la mgonjwa ndani ya msikiti! Leo sisi twaona uuguzi ni kazi ya watu wengine.

FUTARI YA WODINI

Kazi yenyewe mwaiona kwa mbali: nguo nyeupe, sindano, na sista mkali. Ukali upo, sikatai. Ukiwa na wagonjwa thelathini na mko wawili, utajikuta mkali hata kwa anayeomba maji. Ndiyo maana tulifundishwa tusiamini vichwa vyetu. Kabla ya kutoa dawa, hata kama ni panadol, wajiuliza: ni mgonjwa huyu? Ni dawa hii? Ni kipimo hiki? Ni kwa njia hii, ya mdomo au ya sindano? Ni saa hii? Mambo matano. Nimeyafanya zaidi ya miaka thelathini na sikuacha kuyahesabu, kwa sababu siku ukiacha kuhesabu ndiyo siku utakayokosea.

Ramadhani nyingi nimefuturu nimesimama. Tende mbili na maji ya bilauri pale mezani penye mafaili. Wenzangu Wakristo ndio walikuwa wakinifukuza, "Nenda, nenda ufungue, tuko hapa." Wananishikia dakika kumi nifuturu na niswali. Mimi nami siku ya Krismasi naomba nipangiwe zamu, wao wakae na watoto wao. Hatukuwahi kuandikiana mkataba. Lakini mwaka baada ya mwaka ilikuwa hivyo, na wengine hadi leo hunitumia salamu za Idi kabla ya ndugu zangu wa damu.

Na kuna raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua. Saa kumi za usiku, mji umelala, mwanamke ametaabika usiku kucha, halafu wasikia kile kilio cha kwanza. Waweza kuwa na deni, waweza kuwa umegombana na mumeo, lakini kile kilio kikitoka, vyote vyaondoka. Mara nyingine adhana ya Alfajiri hufuatia. Mimi nilikuwa nasema moyoni, ya Rabbi, hata mshahara usipoingia.

Kisha mshahara usipoingia kweli, nasema mengine. Mimi ni binadamu.

MZEE MVUVI

Sasa nifike pale nilipokuwa napazungukia.

Mwaka wa 1996 nilikuwa nimetolewa wodini nikapelekwa dispensari moja, nisiitaje, katika kliniki ya kifua kikuu, yaani TB. Mwisho wa Novemba akaja mzee mmoja mvuvi. Amekonda, shati lamcheza mwilini. Makohozi yakapimwa, ikaonekana ni TB. Akaanza dawa.

TB yatibika, na dawa zake hospitali za serikali ni bure. Taabu yake ni urefu. Dozi ya kawaida ya siku hizi ni miezi sita, wakati ule ilikuwa ndefu zaidi. Na ile miezi ya mwanzo tuliwataka wagonjwa waje kila siku wameze mbele yetu. Kwa nini? Kwa sababu baada ya wiki chache mgonjwa hupata nafuu. Kikohozi chapungua, chakula chapita, ajiona amepona, aacha. Vidudu vilivyobaki navyo huinuka tena, na vyaweza kuinuka vikiwa vimeizoea dawa.

Mzee wangu alikuja kila asubuhi kwa miguu. Alikuwa mcheshi. Zile dawa hugeuza rangi ya mkojo, basi siku ya kwanza alikuja mbio, "Sista, mumenitia nini? Nakojoa chai ya mkandaa!" Nikacheka, nikamweleza. Tangu hapo kila akija asema, "Nimekuja kuchukua majani yangu ya chai."

Shaaban ilipoingia akabadilika. Akaniambia, "Mwanangu, mimi tangu nibaleghe sijawahi kula mchana wa Ramadhani. Nitameza vipi hapa asubuhi?" Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa, aya ziko wazi katika Surat Al-Baqarah, na aulize shekhe wake. Akatikisa kichwa. Nikaona nikimlazimisha nitamkosa kabisa. Nikazungumza na klinikal ofisa, tukamtazama: homa imeondoka, uzito umepanda, nguvu zarudi. Tukapanga. Mkewe atakuja mara moja kwa wiki kuchukua dawa. Mzee atameza wakati wa daku, tumbo likiwa tupu, angoje, kisha ale. Mkewe atapiga mstari mmoja kwenye karatasi kila akimeza, kisha aniletee karatasi. Bibi yule hakujua kusoma, lakini mstari ajua kupiga.

Mpango mzuri. Uliandikwa wapi? Hakuna. Klinikal ofisa akahamishwa wiki ile ile. Mpango wote ukabaki kichwani mwangu mimi.

Na mimi, wakati huo, nilikuwa nimechoka. Niseme kweli. Karo za watoto, kodi ya nyumba, na mshahara wa muuguzi wa cheti mwaujua. Nilikuwa pia nimekosana na msimamizi wangu, kanisemesha mbele ya wagonjwa. Dada yangu alikuwa na duka la nguo mjini, kila siku aniambia, "Njoo tuuze, hutapiga mtu sindano wala kutukanwa." Ijumaa ya tarehe 27 Disemba 1996 niliandika barua, nikakubali kukatwa mshahara wa mwezi badala ya kutoa notisi, nikaiacha mezani, nikatoka. Sikumtafuta wa kumpa ripoti. Nilikuwa nina hasira, na hasira haina ripoti. Jumatatu nilikuwa dukani napanga madera.

Ramadhani ikaingia Januari. Bibi yule akaenda kliniki kuchukua dawa za wiki. Muuguzi aliyeshika nafasi yangu hakukosea, mnifahamu. Alifungua kitabu, akaona imeandikwa mgonjwa ameze kila siku mbele ya muuguzi. Akasema, "Mama, sina ruhusa. Mwenyewe aje ameze hapa." Akafuata kanuni. Mzee alipoambiwa akasema, "Haidhuru, nitaendelea baada ya Idi." Baada ya Idi alikuwa ameshapata nguvu, samaki wamo baharini, akarudi baharini.

Haya yote mimi sikuyajua. Niliyajua mwaka uliofuata, nikiwa dukani. Akaingia bibi mmoja na kijana wa kiume, wakaomba bafta. Kwetu mtu akiomba bafta hana haja ya kueleza. Nikatoa pole, nikaanza kupima. Bibi akaniangalia akasema, "Sista? Kumbe uko hapa? Tulikuulizia sana."

Nilikata sanda ya mgonjwa wangu kwa mkono wangu, wanangu. Akanihadithia huku nakata: vile alivyorudi kukohoa, vile alivyoanzishwa dawa upya na sindano juu yake, vile mwili ulivyoshindwa. Nikakataa pesa. Akazisukuma mezani akasema, "Hapana. Sanda yake italipwa na pesa zake za samaki." Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniombea dua, akatoka.

Nisieleweke vibaya. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, haitangulii wala haichelewi, na mimi si mwenye kuua wala kuhuisha. Lakini siku ya hesabu sitaulizwa kuhusu ajali yake. Nitaulizwa kuhusu ukurasa mmoja ambao sikuuandika. Ukurasa mmoja! Ungenichukua dakika tano.

KURUDI

Mashekhe wananisaidia kuelewa hivi: kuacha kazi ile hakukuwa dhambi. Biashara ni halali na watoto wangu walikula kwayo. Kosa langu ni kudhani kwamba kazi ni yangu, kwa hivyo naweza kuibeba na kuondoka nayo. Kumbe kazi ilikuwa ya mzee yule. Mimi nilikuwa nimeshikishwa tu.

Nilirudi katika uuguzi mwaka wa 1999. Kurudi si rahisi. Leseni ya Baraza la Wauguzi ilikuwa imekwisha, nikaihuisha. Niliwekwa chini ya binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga bandeji. Wiki ya kwanza nililia chooni. Wiki ya pili nikagundua ajua mambo mengi ambayo mimi nimeyasahau, nikaanza kumwuliza.

Kisha ikaja zamu ya shule. Sisi wauguzi wa cheti tulikuwa maelfu nchini, na tulihitaji kupanda hadi diploma. Mwaka wa 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo ya kompyuta, ili muuguzi asome bila kuacha wodi. Mimi nikiwa zaidi ya miaka arobaini, sijawahi kushika mausi. Mara ya kwanza niliinua hewani nikaielekeza kwenye skrini kama rimoti. Kijana wangu wa darasa la saba ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Nilimaliza, alhamdulillahi, na miaka ya mwisho nikawa nawasimamia wanafunzi wodini. Mwanafunzi wangu yeyote atawaambia, mama huyo alikuwa na wazimu mmoja tu: "Umeandika? Kama hukuandika, hukufanya."

MLANGO ULIOFUNGWA

Miaka si mingi iliyopita niliona kwa nini hili si jambo la muuguzi peke yake, ni letu sote.

Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, serikali ilifunga Mji wa Kale wa Mombasa kuanzia tarehe 6 Mei, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, misikiti imefungwa, watu wamevunjika moyo. Wahudumu wa afya walipokwenda kupima watu, milango mingi ilifungwa. Watu waliogopa. Waliogopa kupelekwa karantini, waliogopa kuzikwa bila ndugu zao. Mimi sikuwacheka. Niliambatana na wahudumu, nikabisha hodi, nikasema jina langu na jina la baba yangu, yule wa tochi. Kuna nyumba zilifunguliwa kwa jina hilo tu. Akatoka bibi akasema, "Ah, ni wewe, ingia. Wewe ulimpokea mjukuu wangu."

Nilirudi nyumbani usiku nikajiuliza: ni wangapi kama mimi? Kwa nini katika mitaa yetu mwenye kujulikana nyuma ya barakoa ni mmoja mmoja? Twalalamika kwamba wake zetu wazalishwa na wanaume. Twalalamika hakuna sista wa kumfahamu mama asiyejua Kiingereza. Lakini binti akipata barua ya chuo, twaiweka chini ya mto.

Mashekhe mtanisahihisha: hii ni fardhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika. Wasipoitekeleza wa kutosha, mzigo ni wetu sote, wanaume na wanawake, hata mwenye kuuza mahamri.

KWENU VIJANA

Sasa nyinyi mlio njia panda. Sitaki niwaambie msibadilishe kazi. Nitawaambia mambo manne.

La kwanza, jiulize wakimbia nini. Kama wamkimbia msimamizi, badilisha mahali, usibadilishe kazi. Kama umechoka mpaka humwoni tena mgonjwa, waona "kitanda nambari sita", basi ondoka pale haraka, kwa faida yake na yako. Uuguzi una vyumba vingi: kuna upasuaji, kuna mashine za figo, kuna ukunga, kuna afya ya jamii, kuna ualimu. Na kama moyo wako uko kwenye biashara, nenda, ni halali. Swali istikhara, taka ushauri wa waliotangulia, usiandike barua siku ya hasira. Mimi niliiandika Ijumaa kabla sijala.

La pili ni safari. Najua wengi wenu macho yako Saudia na Uingereza. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi mwaka wa 2021, na ndugu zetu wengi wako Ghuba. Sina neno. Riziki imetawanywa ardhini. Lakini soma mkataba kabla ya kutia saini, kila ukurasa, na mtu anayeelewa awe kando yako. Jua mtihani wa leseni wa nchi unayokwenda. Ajenti akikutaka pesa nyingi za mkononi bila risiti, rudi nyumbani. Na kabla ya kupanda ndege, toa ripoti: kazini, kwa wazazi, kwa unaowadai na wanaokudai.

La tatu, wavulana. Uuguzi si kazi ya wanawake. Wazee wa kiume pia wahitaji kusitiriwa wakioshwa. Ukipata alama za KCSE zinazotakiwa chuoni umeiweza, usijione umeanguka kwa kuwa hukuwa daktari.

La nne, wazazi. Msiwafungie mabinti, wasindikizeni. Kama huna tochi, toa nauli.

Nami sasa nimestaafu, na niko mbele yenu kama muuguzi aliye mwisho wa zamu. Kwa hivyo natoa ripoti yangu. Mitaa yetu bado ina TB, na bado kuna wanaoacha dawa wakipata nafuu. Kuna wenye sukari na presha ambao Ramadhani hii wamefunga na hawakumwuliza daktari wala shekhe; leo ukifika nyumbani mwulize babu yako dawa zake azimeza saa ngapi. Kuna wajawazito ambao wataingia wodini mwezi huu wakitafuta uso wanaoufahamu. Haya sikuyamaliza. Nasema mbele yenu kwamba sikuyamaliza.

Nangoja wa kunipokea, maana ripoti haitolewi kwa kiti kitupu. Mwenyekiti ana karatasi pale mlangoni. Kijana yeyote anayefikiria kazi hii, wa kike au wa kiume, aandike jina lake, na mimi nitakaa naye mmoja mmoja. Mzazi aliye na wasiwasi, nitakuja nyumbani kwake tuzungumze.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na amrehemu mzee yule mvuvi, amfungulie mlango wa Rayyan. Na mimi anisamehe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.